Papa Kreshi na Mbweha Asiyekula Kuku

Watu wa Albert Park, hapa Durban, wakikuambia kwamba yule mzee alikuwa anawanywesha watoto dawa ya usingizi, waulize nani aliiona hiyo dawa. Uliza chupa iko wapi. Watakuangalia tu, halafu wataruka kwenye kingine: hakuwa na mke, alitembea bila kutoa sauti, alikula wadudu. Hiyo ya wadudu ni kweli. Hata wao wanakula.

Mimi ni msusi. Shule sikufika mbali, vitu vingi nimejifunza kwa kusikiliza wateja na kwa kubishana, na kubishana najua. Nimebishana kwa ajili ya huyu mzee kwenye ngazi, saluni, kanisani, na siku moja kwenye taxi mpaka dereva akaniambia nichague, nishuke au ninyamaze. Nilishuka. Kinachoniuma ni kwamba mzee mwenyewe hakunisaidia hata siku moja. Unampigania mtu, unageuka nyuma uone kama anakuunga mkono, unamkuta anamkata mtoto kucha.

Tulimwita Papa Kreshi kwa sababu alilea watoto usiku, mama zao wakiwa kazini. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi zake za ukimbizi na likabaki huko huko. Alizaliwa wapi, ni mtoto wa nani, kila mtu alikuwa na jibu lake na mimi siingii humo. Ninachojua ni kwamba mwaka ule wa Kombe la Dunia, hoteli za kule beach zilikuwa zinatafuta wanawake wa kufua mashuka usiku. Dada yangu mkubwa alipata kazi. Alikuwa na mtoto, Exaucé, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika viti. Mimi nikilala huwa nimekufa, unaweza kuhamisha kitanda nikiwa juu yake, na dada ananijua. Akasema mtoto ataenda kwa Papa Kreshi.

"Kwa mwanaume?" nikamuuliza.

"Kwa mwanaume."

"Kwetu Uvira ungefanya hivyo?"

"Uvira nilikuwa na mama."

Nikaanza kufunga nepi za mtoto.

Kazi yake ilikuwa hivi. Jua likianza kushuka, akina mama walipanda ngazi mpaka ghorofa ya saba, yunifomu kwenye mfuko wa plastiki, mtoto mgongoni. Papa Kreshi alimpokea mtoto, akamnusa utosini, kabisa, kama mtu ananusa tikiti sokoni, halafu akasema "sharp," yaani yuko sawa, au akasema "huyu atachemka." Akisema atachemka, mama alijua aache panadoli ya maji. Ndani kulikuwa na magodoro yamepangwa ukutani na hakuna kingine, hata redio. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni, kwa ndani, juu ya kreti ya bia iliyogeuzwa, mgongo kwenye mbao za mlango. Ukija asubuhi kumchukua mtoto unamkuta hapo hapo. Mama wa mwisho akishaondoka na mtoto wake, ndipo yeye alitoka kutafuta chakula. Hakuwahi kula kabla.

Nilimuuliza nani alimfundisha kulea. Nilitegemea aseme mama yake, au mke aliyefariki. Akasema mbweha.

Hapo ndipo niliposikia ile hadithi kwa mara ya kwanza, na baadaye niliisikia mpaka ningeweza kuisema nikiwa nasuka. Alikuwa jikoni kwenye meli fulani, meli ikafika Brezili, akashuka, hakupanda tena. Akapata kazi ndani kabisa ya nchi, kwenye shamba la ng'ombe, nchi ya majani makavu na miti iliyopinda. Huko kuna mbweha mdogo. Wenyewe wanamwita rapozinya. Ni mdogo kuliko mbwa wa kawaida wa mtaani, mgongo wa kijivu, miguu ya njano-njano, ncha ya mkia nyeusi kama ameichovya kwenye wino. Mdomo mfupi. Meno madogo.

"Meno ya mtoto," alikuwa akisema, na kuonyesha yake, ambayo hayakuwa mengi.

Na chakula chake kikubwa ni mchwa. Usiku mbweha huyo anatoka peke yake, anatembea taratibu kwenye majani, masikio chini, akiwafuata mchwa wanapotoka kukata majani. Akiwapata anawalamba tu. Akikosa, anakula mende wa porini, tunda lililoanguka, panya mdogo akijitokeza. Kuku si chakula chake. Hapo Papa Kreshi alikuwa anainua kidole. Kuku si chakula chake, na wenye mashamba wote wanamuua kwa sababu ya kuku.

Saluni yetu ilimpenda kwa hiyo hadithi, kwa ubaya. Siku za wateja wachache alikuja kukaa nasi na wakamfanya mchezo.

"Papa, mbweha wako leo amekula nini?"

"Mchwa."

"Na Krismasi?"

"Mchwa, na matunda kidogo."

"Mbweha asiyekula kuku," akasema mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, "huyo ni kama pasta asiyekula kuku. Nitamwamini nikimwona."

Wote wakacheka. Mimi nikamvuta nywele zaidi kuliko ilivyohitajika, kidogo tu, akapiga kelele. Papa Kreshi naye alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka nao. Ndiyo maana nasema alinichosha.

Na ngoja niseme ukweli wote, kwa sababu sitaki mdhani nilikuwa namwabudu. Huyu mtetezi wa mbweha asiyekula kuku alipenda kuku wa kukaanga kuliko mtu yeyote ninayemjua. Pale karibu na robot, taa za barabarani, kulikuwa na duka lao, na asubuhi akitoka kazini alikuwa mteja wa kwanza, anakula na mifupa. Alipenda watoto lakini midoli inayoimba hakuivumilia, alitoa betri zake kimya kimya, na mama zao wakawa wanalalamika kwamba vitu vya Durban vinaharibika haraka. Hakusema asante. Hakusema samahani. Ukimletea ugali na sombe ya majani ya muhogo, alifungua sufuria, akanusa, akafunika, akasema, "Umeweka mafuta mingi." Halafu anakula yote.

Na chumba. Hapo ndipo tulipogombana kweli. Katika miaka yote niliyomjua, hakuwahi kuwa na chumba chake. Alikuwa anaingia kwenye vyumba vya watu walioondoka. Mtu kahamia Cape Town, mtu kaitwa Canada, chumba kimebaki na muda kidogo kabla mwenye jengo hajashtuka, Papa Kreshi anaingia na magodoro yake. Wakishtuka anahamia kingine. Watoto nao wanahama naye, ghorofa ya tatu, ya tisa, ya saba.

"Papa, andikisha chumba," nilimwambia. "Akina mama watasaidiana. Chumba kimoja, jina lako, basi."

"Rapozinya hachimbaki shimo," akanijibu.

"Sijauliza habari za rapozinya."

"Iko munyama moja kule, iko na gamba mugongoni, kama kobe mwenye haraka. Ile ndiyo inachimbaka. Ikiondoka, rapozinya anaingia. Shimo iko tayari. Ya nini kuchimba?"

"Kwa sababu mtafukuzwa."

"Mwenye jina kwa mulango," akasema, "ni yeye wanamutafutaka."

Nilishuka ngazi zote saba nikiongea peke yangu.

Lakini kulikuwa na siku zake nzuri. Mvua za kwanza zikinyesha na joto likirudi, kumbikumbi wanatoka, na taa za bustani ya Albert Park zinajaa. Watu wetu wote tunashuka na mabeseni ya maji, Wakongo, Warundi, kila mtu anasukuma mwenzake kwa adabu. Papa Kreshi alishuka na watoto wake kwenye mstari, wakubwa wameshika wadogo. Aliwafundisha kunyamaza kwanza. Simama, sikiliza, usikimbilie taa. Halafu anamwonyesha kila mmoja namna ya kushika mbawa. Kesho yake kumbikumbi walikaangwa na chumvi, wakaliwa kwa mikono, na yeye akawaambia, "Sasa tuko sawa na yeye. Anakula chakula yetu, tunakula chakula yake." Exaucé alirudi nyumbani akilamba meza. Dada alifikiri mtoto anaumwa.

Kitu alichokipenda zaidi kwenye huyo mbweha kilikuwa baba. Watoto wakizaliwa, wanne, watano, mama anatoka usiku kwenda kutafuta mchwa, kwa sababu ndiye ananyonyesha na njaa yake ni kubwa. Dume anabaki. Analala kwenye mdomo wa shimo. Watoto wanamwuma masikio, wanamvuta mkia, yeye yupo tu. Mama akirudi, ndipo yeye anaenda kula. Papa Kreshi alisema alikaa kwenye mti usiku mwingi kuwaangalia, na kwamba hapo ndipo alipojifunza kuwa mtu anaweza kufanya kazi kubwa kwa kukaa tu mahali panapotakiwa.

Hayo ndiyo maneno aliyowalazia watoto. Hakuimba. Alizima taa akasema, "Mbweha mwanaume iko mulangoni. Lala." Wakalala. Ndiyo dawa yenyewe ya usingizi, mkitaka kujua.

Sasa kanisa.

Ilikuwa Jumapili ya watoto. Wamevalishwa, wamesimamishwa mbele, mwalimu wao anapita na mikrofoni akiuliza maswali ambayo kila mtu anajua jibu. Nani aliumba mbingu. Nani alijenga safina. Exaucé wakati huo alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kuongea, amevaa tai. Mwalimu akamwinamia. "Na usiku tukiwa tumelala, nani anatulinda?"

"Mbweha," akasema Exaucé.

Mwalimu akacheka kidogo. "Nani?"

"Mbweha mwanaume. Anakaa mlangoni."

Kwetu ukisema kuna mnyama anakaa mlangoni usiku kwenye nyumba yenye watoto wachanga, hakuna anayewaza habari za mbuga. Tunajua moja kwa moja maana yake, ni mtu anayejigeuza. Halafu Mama Prezidenti akasema "Yesu," taratibu, si kwa kuomba. Mama Prezidenti ndiye alikuwa mkuu wa akina mama wa kanisa. Aliuza vitenge, alijua nani amekuja na nani ameondoka kabla hata mwenyewe hajafunga begi, na sauti yake haikuhitaji mikrofoni.

"Watoto wa yule chumba hawaliaki usiku," akasema. "Nilikuwa najiuliza sababu ya nini."

Pasta akamwita Papa Kreshi asimame. Akasimama pale nyuma, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Papa, ni weye umefundisha huyu mtoto hii maneno?"

"Ni mimi."

"Huyo munyama iko wapi?"

"Brezili."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Uko na neno ya kujitetea?"

Nilikuwa namwangalia. Niliomba kwa macho. Sema, Papa. Sema ile ya meno, ile ya mchwa, ile ya baba. Wewe huyu ambaye umetuchosha miaka na mbweha wako, leo ndiyo siku ya mbweha.

"Hapana," akasema, akakaa.

Basi nikasimama mimi. Sikumbuki yote, lakini dada anasema nilisikika mpaka barabarani. Niliwaambia huyo mbweha ni mnyama kama wanyama wengine, anakula kumbikumbi kama ninyi wote mliokuwa kwenye taa juzi, wewe mama, na wewe, na wewe uliyekuja na ndoo badala ya beseni. Niliwaambia watoto hawalii kwa sababu kuna mtu anawaangalia, jambo ambalo wengi wenu hamjawahi kuliona. Nikamalizia, "Na kama hamwamini, twendeni mkaone. Ghorofa ya saba, mlango wa mwisho. Njooni wote."

Wakaja. Mchana ule ule wakaja wote, na mafuta ya upako, na kwaya. Waliimba kwenye korido mpaka msimamizi wa jengo akapanda kuona nani kafa. Hakujua kabisa kwamba chumba kile kina watu. Akafungua, akaona magodoro yale yote. Wiki haikuisha, kufuli lilikuwa limebadilishwa. Hata hivyo hakukuwa na maana tena, watoto walikuwa wameshachukuliwa mmoja mmoja, hata Exaucé. Dada alisema anamwamini mzee lakini yeye dada haishi peke yake kwenye jengo, majirani wanasema. Akaacha kazi ya hoteli. Wenzake watatu pia.

Nilimkuta Papa Kreshi kwenye ngazi na kreti yake, anashuka.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Papa, kwa nini hukusema hata kitu kimoja?"

Akanigusa begani. "Weye ulisema ya kutosha," akasema, na akaendelea kushuka.

Kwa miaka kadhaa nilibeba hayo maneno kama asante.

Nilimwona tena mwaka 2015, baada ya zile wiki za kushambuliwa wageni, ambazo wengi wetu tulifunga saluni na kulala kwa watu. Maduka ya Isipingo, kusini mwa mji, yalikuwa yameanza kufunguliwa, nami nilikwenda kununua nywele kwa sababu kule bei ni afadhali. Nilikuwa nakata njia kwenye kichochoro nyuma ya duka la mshona nguo, nikaona nepi zimeanikwa kwenye kamba, nyingi, za saizi tofauti. Chini ya nepi kulikuwa na kreti ya bia imegeuzwa. Juu yake yuko yeye, ndevu nyeupe, mgongo kwenye mlango.

Hakushtuka. Aliniita kwa kidole, nikainama nimsalimie, akaninusa utosini.

"Haujakula," akasema.

Akanipa nusu ya hindi la kuchoma. Nyuma ya mlango watoto walikuwa wamelala usingizi wa mchana, nilisikia pumzi zao. Sasa alilea mchana na usiku pia, watoto wa akina mama wa viwandani. Alikuja bibi mmoja wa Kizulu na mjukuu mgongoni, akamwita mkhulu, babu kwa lugha yao, akamkabidhi mtoto, akaenda zake. Papa Kreshi akanusa. "Sharp."

Nilijaribu kuwa mpole. Nilikaa chini, nikala hindi. Ilinishinda.

"Papa, niambie leo. Ungesema maneno matatu pale kanisani, bado ungekuwa na watoto wako. Ulikuwa na kitu gani mdomoni?"

Alimweka yule mjukuu begani.

"Kule shambani nilisemaka," akasema. "Nilisemaka sana, kuliko hata weye. Bwana alikuwa anataka kuwaua sababu ya kuku. Nikamwambia, patron, si yeye. Nikamuletea mavi yake, nikaipasua na kijiti, nikamuonyesha, iko tu vichwa vya mchwa, hakuna nyoya hata moja. Alicheka. Nikasema, basi kuja uone. Nikamupeleka mpaka kwa shimo. Nikamuonyesha baba, na batoto batano, wanacheza."

"Akaamini?"

"Aliamini. Alisema ni wazuri." Akamhamisha mtoto bega jingine. "Kesho yake watoto wakubwa ya patron wakakuja na mbwa. Hawakuwa wanajuaka ile shimo iko wapi. Mpaka pale nilimuonyesha bwana."

"Na kuku?"

"Kuku ziliendelea kupotea."

Nilitafuna. Halafu nikaliweka hindi chini.

"Unataka kusema mimi ndiye niliyewapeleka mlangoni?"

"Sijasema."

"Kwa sababu mimi nilikutetea. Mimi peke yangu katika kanisa zima nilisimama."

"Sijasema kitu, mama," akasema, na aliponiita mama nikajua amesema. Mpaka leo sikubali. Nilisimama kwa sababu hakuna mwingine aliyesimama, na mngekuwa pale mngesimama pia, au mngeona haya. Nilimwachia hindi lililobaki, nikachukua nywele zangu, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Kwenye stendi ya taxi ya Isipingo, mtu akanishika mkono.

"Aa, msusi wetu." Mama Prezidenti, na mzigo wa vitenge kichwani. "Na huku unatafuta nini?"

"Nywele, mama."

"Nywele tu?"

"Nywele tu."

Alikuwa anatabasamu na mkono hajauachia. "Sababu nasikia ule mzee wenu wa mbweha iko huku Isipingo. Wanasema amefungua tena. Weye ulikuwa mtu wake. Lazima unajua kwenye iko."

Maneno nilikuwa nayo. Nimekuwa nayo miaka, yamepangwa, na mapya nimetoka kuyapata dakika ile: mavi, vichwa vya mchwa, watoto watano, mbwa. Nilikuwa naweza kumsimamisha huyu mama mbele ya stendi nzima mpaka vitenge vimwanguke. Kichochoro kilikuwa nyuma yake. Nilikuwa naona nepi kwenye kamba, zinapepea.

"Nilisikia alienda Cape Town," nikasema.

"Cape Town?"

"Zamani, mama."

Akaniachia mkono. Akatikisa kichwa taratibu, akiushika mzigo wake. "Unaona. Nilisemaka mimi. Mtu msafi hakimbiaki. Ao ninadanganya?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Haudanganyi."

Akaingia kwenye taxi ya mjini. Akaniita nipande naye, kuna nafasi. Nikasema nasubiri mtu. Taya zilikuwa zinaniuma kama nimetafuna mawe, na bado zinaniuma nikikumbuka. Nikasogea mpaka mdomo wa kichochoro, nikasimama na pakiti zangu za nywele kifuani, mgongo kwenye kichochoro, nikiangalia ile taxi mpaka ikavuka robot na sikuiona tena.